Je, wajua kwa nini meza inaitwa meza?

Maelezo yanayosikika mara nyingi ni kwamba meza ilipata jina lake kutokana na kitenzi kumeza, kwa kuwa hapo ndipo watu huketi wakala. Maelezo hayo yanavutia, lakini si ya kweli: haya ni maneno mawili yasiyo na undugu wowote, ambayo yamekutana katika tamko moja tu.

Kitenzi ndicho mzee. Ni cha asili ya Kibantu, na ndugu zake wako hai katika lugha za jirani: Waganda husema okumira, na Wanyarwanda kumira. Lakini waulize watu haohao jina la meza, nao watakujibu emmeeza na ameza. Lau jina hilo lingekuwa la kale kama kitenzi hicho, lingefuata sauti za kitenzi chao. Badala yake walilipokea kutoka Kiswahili likiwa limekwisha kamilika.

Sarufi nayo inakataa. Kiswahili kinapounda jina la chombo kutokana na kitenzi, kwa kawaida hukipa kiambishi na kubadili irabu ya mwisho: fagia huzaa ufagio, funika huzaa kifuniko, kaanga huzaa kikaango. Kwa utaratibu huo tungetarajia kitu kama kimezeo. Tena, katika nyumba nyingi za pwani chakula kiliandaliwa, na hadi leo huandaliwa, kwenye sinia juu ya mkeka, kwa hiyo kumeza hakukuhitaji samani yoyote.

Jina lenyewe ni la Kireno, mesa, kutoka mensa ya Kilatini. Mreno Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na Waomani waliwanyang'anya Wareno Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Wareno hao ndio waliotuachia pia leso, mvinyo na foronya. Baadhi ya maneno yao yalilazimika kubadilika ili yatamkike: bandeira ikawa bendera, na igreja, yaani kanisa, ikapoteza irabu ya mwanzo ikawa gereza. Mesa haikuhitaji mabadiliko hayo. Kireno hutamka s iliyo kati ya irabu mbili kama z, huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama sisi, na neno lenyewe huishia kwa a. Lilikuwa kama mgeni aliyeshuka chomboni akiwa tayari amevaa kanzu na kofia, wenyeji wasimtambue kuwa mgeni.

Ipo hoja moja inayostahili kuheshimiwa. Kiajemi kina miz, na Kihindi kina mez, kwa maana hiyohiyo, nao mabaharia wa pande hizo wamefanya biashara na pwani yetu kwa karne nyingi. Hata hivyo, maneno ya Kiajemi yanayoishia kwa konsonanti kwa kawaida huongezewa i yanapoingia katika Kiswahili: rang ikawa rangi, bandar ikawa bandari. Kwa njia hiyo leo tungekuwa tunaandaa chakula juu ya mezi.