Mdhamini wa Frimasoni ni mtu wa namna gani?

Neno "mdhamini" hapa Dar limebebeshwa mizigo mingi. Anayelipia jezi za timu ya mtaa ni mdhamini. Anayesaini karatasi za mkopo wako kwenye kikoba, ili ukitoroka akabwe yeye, naye ni mdhamini. Mjomba anayedamka kwenda Mahakama ya Kisutu na kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa ili mtoto wa dada yake asilale gereza la Segerea, huyo pia ni mdhamini. Na wapo wale wazee wa bodi wanaotunza hati ya kiwanja cha msikiti au kanisa. Wote hao tunawaita jina moja, na mara nyingi mazungumzo yenyewe ndiyo yanayotuonyesha ni yupi anayesemwa.

Siku moja mazungumzo hayakuonyesha. Kijana mmoja wa bodaboda wa kijiweni kwetu Sinza alinisogezea simu nisome ujumbe. Uliandikwa kwamba amechaguliwa kujiunga na Frimasoni, mdhamini wake yuko tayari, kilichobaki ni yeye kutuma 75,000 ya fomu na joho. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Anko, huyu mdhamini huwa anatoa kama shilingi ngapi?"

Swali lake ndilo lililonifanya niandike haya. Frimasoni kweli wana wadhamini, na bila wadhamini hakuna anayeingia. Ila mdhamini wao ni wa Kisutu, siyo wa jezi.

Kwanza hao Frimasoni wenyewe. Jina lao kwa asili ni la mafundi, waashi waliokuwa wakichonga mawe na kujenga makanisa na ngome za Ulaya. Vyama vya waashi vikaanza kupokea watu wasiowahi kushika nyundo, mpaka ujenzi ukabaki kuwa mfano wa kufundishia tabia: jiwe ghafi linachongwa likae sawa ukutani, na mtu naye hivyo hivyo. Mwaka wa kuanza kwa utaratibu wao wa sasa unahesabiwa kuwa 1717, loji nne za London zilipoungana chini ya Loji Kuu. Loji ni lile kundi la wanachama wanaokutana pamoja, kama tawi. Jengo ni nyumba yao tu. Loji Kuu mbili zilizokuwa zikishindana Uingereza ziliungana mwaka 1813, na chini ya huo muungano ipo wilaya ya Afrika Mashariki inayozishika loji nyingi za kwetu na za jirani. Hapa Dar jengo lao lipo Sokoine Drive, kule Posta, na watu wanapita mbele yake kila siku wakienda kazini.

Mtanzania aliyejulikana zaidi katika jambo hili ni marehemu Sir Andy Chande, aliyefariki mwaka 2017. Alizaliwa Mombasa, akakulia Bukene kule Tabora. Kampuni ya kusaga nafaka aliyokuwa akiiongoza ilipotaifishwa mwaka 1967, Serikali ikambakiza aendelee kuisimamia. Aliwahi kuwaongoza Frimasoni wa Afrika Mashariki na hakuficha. Nalitaja hilo kwa sababu moja: wenye vyeo huko wanajulikana kwa majina na sura. Anayejiita wakala mkuu huku ana namba ya simu tu, hana jina la mwisho, wala hataki mwonane, ni mtu wa biashara nyingine.

Sasa turudi kwa mdhamini. Katika loji zinazofuata utaratibu wa Uingereza, kila anayeomba kuingia husimamiwa na wanachama wawili wa loji ile ile. Wa kwanza ni mpendekezaji, wa pili ni muungaji mkono, kama tunavyosikia kwenye mikutano mtu akisimama na kusema naunga mkono hoja. Wawili hao wanaiambia loji: tunamfahamu huyu, tunaijua tabia yake, mkimpokea hatutaaibika. Wanachoweka mezani ni majina yao. Hakimu wa Kisutu naye mara nyingi hudai wadhamini wawili wa kuaminika, na kwa sababu inayofanana: mtu anayesemewa na watu wenye cha kupoteza ni tofauti na mtu anayejisemea.

Kwa hiyo kazi ya mdhamini inaanza kabla ya fomu. Anatakiwa kumjua mwombaji kwa kukaa naye, na hilo linakula muda. Wapo waombaji wasiomjua mwanachama yeyote. Siku hizi hata Loji Kuu ya Uingereza ina ukurasa wa intaneti wa kuomba. Lakini hata huko, ukishaomba unakutanishwa na watu, mnaonana, mnaongea, mnazoeana, ndipo wawili kati yao wakubali kuandika majina yao chini ya lako. Intaneti inakupa miadi tu. Udhamini unaupata kwa kujulikana.

Mdhamini mwenye busara pia anamwambia mgeni mambo ambayo mgeni hapendi kuyasikia. Kwamba kuna ada ya kuingia, ada ya kila mwaka, chakula cha kulipia na michango ya misaada. Kwamba pesa inayochangwa kwa ajili ya mwenye shida haitakiwi ikaumize nyumba ya anayechangia. Kwamba lazima awe anamwamini Mungu, kwa dini yoyote, na kwamba mabishano ya dini na siasa hayaruhusiwi ndani ya loji. Kwamba loji za mfumo huo ni za wanaume peke yao. Wanawake wana loji zao kwingine. Na swali ambalo nadhani ndilo zito kuliko yote: nyumbani wanajua? Mtu anayeficha jambo hili kwa mkewe anaanza vibaya, na mdhamini makini humwambia akamalizane na mkewe kwanza.

Dini nayo haikwepeki. Kanisa Katoliki limewakataza waumini wake tangu mwaka 1738, na tamko la Vatican la mwaka 1983 lilirudia kwamba katazo lipo pale pale. Wanazuoni wengi wa Kiislamu nao wanaupinga uanachama huu. Loji itakuambia kwamba yenyewe haina ugomvi na dini ya mtu, na kwa kanuni zao ni kweli, lakini padri wako au shehe wako anaweza kuwa na ugomvi nayo. Mdhamini asiyelitaja hilo kwa kijana anayetoka familia ya dini amemficha jambo, hata kama hajasema uongo.

Kuna mpaka mwingine ambao mdhamini havuki: hasukumi. Kabla ya kuingia, mwombaji hutamka kwamba amekuja kwa hiari yake, hakushawishiwa isivyofaa na marafiki, na hakuvutwa na tamaa ya kupata faida. Basi mwanachama akimwona mtu anayefaa anaweza kumgusia, kisha akamwachia afikiri. Akimfuata kila wiki, tamko lile atakalotoa mwenzake litakuwa uongo, na aliyeutengeneza ni yeye. Ulinganishe mwenendo huo na ujumbe wa yule kijana, ulioingia mara nne kwa siku mbili.

Fomu ikishajazwa, jina la mwombaji linatangazwa katika kikao, na linaandikwa kwenye barua ya wito inayowafikia wanachama wote kabla ya kikao kinachofuata: jina, kazi, anapoishi, na nani wamemleta. Mwenye neno anakuwa amepata nafasi ya kulisema. Kwa kawaida mwombaji pia anaitwa mbele ya kamati ndogo na kuulizwa maswali: kwa nini unataka, unatarajia nini, muda unao? Anayejibu kwamba anatafuta "koneksheni" huwa amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Halafu inakuja kura, na hapa ndipo udhamini unapopimwa. Inapigwa kwa siri, kwa desturi kwa gololi: nyeupe ni ndiyo, nyeusi ni hapana. Kanuni ya Uingereza inasema gololi nyeusi tatu zinamkataa mtu, na loji inaweza kujiwekea sheria kali zaidi, hata moja ikatosha. Aliyetumbukiza nyeusi haulizwi sababu. Wengi tungeona hiyo ni jeuri, mtu mmoja kuwazuia thelathini. Mimi mwenyewe nilipoelezwa mara ya kwanza nilikunja uso. Hoja yao ni kwamba watu watakaokaa chumba kimoja na kuitana ndugu hawafai kulazimishiana, na afadhali kumkosa mtu mmoja mwema kuliko kuvunja amani ya nyumba nzima.

Ndiyo maana mdhamini mzoefu hasubiri gololi zihesabiwe. Anazunguka mapema, anasikiliza, na akigundua kuna manung'uniko analiondoa jina kimya kimya kabla ya kikao ili mtu wake asikataliwe hadharani. Sisi wa pwani tunalifahamu hilo kwa njia nyingine. Mshenga anayejua kazi yake hapeleki barua ya posa mpaka awe amepitia kwa shangazi wa binti, akaonja hewa ya nyumba ile. Barua ikirudishwa, aibu si ya bwana harusi peke yake.

Kura ikipita, mtu anapangiwa siku ya kupokelewa. Usiku huo mlango unalindwa na mwanachama mwenye upanga mkononi, mgeni anafungwa kitambaa machoni, na kabla ya kuingia anavuliwa vitu vyote vya chuma na fedha: sarafu, saa, pete. Mengi kuhusu sherehe hiyo yamechapishwa zamani, kwa hiyo sifichui siri ya mtu. Ninayotaka kuisema ni sehemu moja tu. Katikati ya sherehe mgeni anaombwa mchango kwa ajili ya maskini. Anajipapasa. Hana hata senti, kwa sababu mlangoni alivuliwa kila kitu. Anatakiwa aukumbuke unyonge wa dakika ile siku atakapokutana na mtu asiye na kitu. Nilipomsimulia kijana wa bodaboda alicheka sana. "Yaani mtu unafuata hela, unafika unaombwa hela, na mfukoni hakuna?" Ndivyo hasa.

Akimaliza anafungwa aproni nyeupe ya ngozi ya kondoo, vazi la fundi, na kuanzia hapo cheo chake ni cha chini kabisa: mwanagenzi. Kwenye saiti zetu za ujenzi tungemwita saidia fundi. Juu yake kuna daraja la fundi, kisha fundi kamili, na kati ya daraja moja na jingine lazima zipite angalau wiki nne, mara nyingi miezi.

Ukaribisho wenyewe, ukiniuliza mimi, uko mezani zaidi kuliko katika sherehe. Baada ya kikao wanakula pamoja, wanamnyanyulia mgeni glasi, naye anasimama kusema maneno mawili matatu. Mdhamini anakaa karibu yake, anamtajia majina, anamweleza kwa nini kikaoni yule alivaa kola ya rangi na huyu hakuvaa, anamwambia lini asimame na lini akae. Kikaoni wote huwa wamevaa suti nyeusi na glavu nyeupe. Anayeijua Februari ya Dar atawaonea huruma.

Wiki zinazofuata zinadhihirisha mdhamini alikuwa mkweli au alitaka tu kuongeza idadi. Mwanagenzi ana maswali na majibu ya kujifunza kwa moyo kabla ya kupanda daraja, na mtu wa kumsikilizisha ni mdhamini wake au mlezi aliyepangiwa na loji. Akikosa vikao viwili, wa kwanza kupiga simu ni mdhamini. Akifiwa, mdhamini ndiye anayeipeleka habari kwa ofisa wa loji anayeshughulikia wagonjwa na wajane. Loji nyingi duniani zinalalamika kuwa watu wanaingia kwa mlango wa mbele na kupotelea wa nyuma ndani ya miaka michache, na ukichunguza wengi wao unakuta walidhaminiwa na mtu aliyewasindikiza hadi usiku ule wa aproni, kisha akaenda zake.

Na mgeni akigeuka tapeli? Hakuna sheria ya nchi inayomkamata mdhamini kama pale Kisutu. Kinachompata ni kwamba jina jingine atakaloleta litasikilizwa kwa masikio mengine. Kwa watu wanaokutana miaka thelathini katika chumba kile kile, hiyo si adhabu ndogo.

Kijana wangu nilimweleza haya kwa kifupi zaidi, maana abiria alikuwa anamsubiri. Nikamwambia huyo "mdhamini" hajui hata jina lake la pili, angewezaje kumsemea mbele ya watu? Tukautuma ujumbe ule pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Jioni akanionyesha mwingine, namba tofauti. Ada ya joho ilikuwa imeshuka hadi 40,000.