Jicho likizima kisha likawaka: maana ya amarosisi fugaksi

Tuseme mama muuza samaki yuko sokoni Kibuye, Kisumu, anahesabu chenji. Ghafla jicho la kulia linaingia giza, kama pazia linaloteremshwa kutoka juu. Haumwi popote. Analipangusa kwa pindo la leso, anaketi, na baada ya dakika tano hivi anaona tena kama kawaida. "Ni uchovu tu," anamwambia jirani yake wa meza. "Pumzika, mama, jua la leo ni kali," anajibiwa. Wote wawili wamekosea, na kosa hilo linaweza kumgharimu mkono, ulimi au maisha.

Madaktari huiita hali hiyo amarosisi fugaksi. Neno la kwanza ni la Kigiriki, maana yake kutiwa giza. La pili ni la Kilatini, lenye kukimbia. Kwa hiyo ni giza la kupita: la jicho moja, lisilo na maumivu, la sekunde au dakika chache.

Chanzo chake mara nyingi hakiko jichoni bali shingoni. Ukibonyeza kando ya koo utausikia mshipa mkubwa ukidunda. Mshipa huo hupeleka damu kwenye ubongo, na tawi lake moja huingia jichoni. Miaka ya presha, sukari, sigara na kolesteroli huuachia ukoko wa mafuta ndani, kama ule wa chini ya sufuria ya ugali. Kipande kikimeguka, damu hukibeba mpaka kwenye vijishipa vya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kikikwama, retina inakosa damu na jicho linazima. Kikisagika na kusukumwa mbele, mwanga unarudi. Retina haina neva za maumivu, ndiyo maana mtu hasikii lolote.

Sasa fikiria kipande hicho kingeshika njia ya ubongo badala ya jicho. Hicho ndicho kiharusi. Mshipa ulioangusha kipande kimoja unaweza kuangusha kingine, na hatari ni kubwa zaidi katika siku chache za mwanzo.

Donge linaweza pia kutoka moyoni, hasa moyo unaopiga bila mpangilio. Na mtu aliyepita miaka 50, mwenye kichwa kinachouma na taya zinazochoka akitafuna, huenda mishipa yake imevimba. Huyo asipotibiwa haraka anaweza kupofuka kabisa.

Kwa hiyo mama wetu asiende kupimwa miwani, kwani miwani haizibui mshipa. Apande boda siku hiyohiyo hadi Russia, jina ambalo wakazi huiita Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, hata kama jicho sasa linaona vizuri. Huko aombe kupimwa presha, sukari, mapigo ya moyo na mishipa ya shingo. Kulingana na majibu, daktari ataamua dawa za kuzuia damu kuganda na za kolesteroli, au upasuaji wa kuusafisha mshipa.

Giza likirudi akiwa njiani, azibe jicho moja, kisha la pili. Likiwa la jicho moja tu, tatizo liko kwenye njia ya jicho hilo. Likiwa kwa yote mawili, huenda ni sehemu ya nyuma ya ubongo. Daktari atamuuliza hilo kabla ya mengine yote.