Kiingereza Unacho, Saa Je?

Juzi tena. Kijana wa chuo kaja kwenye kaunta yetu ya kuelekeza watalii, anataka kujitolea nasi wakati wa likizo. Nikamuuliza anajua nini. "Kiingereza changu kiko vizuri, dada." Huyo ni wa tano msimu huu, na wote jibu lao ni hilo hilo, kana kwamba kila mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa KIA katokea London.

Jamani. Wahispania, Wafaransa, Wachina: wengi wao Kiingereza ni cha kujifunza kama sisi. Ukiwamwagia kama mtangazaji wa mpira wanatabasamu, wanasema "okei", halafu wanapotea kabla hawajafika Mnara wa Saa. Ramani, kalamu na sentensi fupi vinatosha.

Kinachotutesa ni saa. Basi la Dar linaondoka saa 12 asubuhi, unaitafsiri namba kama ilivyo, mgeni anafika stendi adhuhuri na mabegi yake. Hilo kila mtu analijua, na kila mtu anadhani kalimaliza. Bado! Yuko mgeni aliyesoma kitabu cha safari, anajua Waswahili huanza kuhesabu alfajiri. Wewe umeshambadilishia, umemtajia sita ya kwao. Naye, kwa kuheshimu utamaduni wetu, anaibadilisha mara ya pili. Adhuhuri ile ile, mabegi yale yale, na safari hii wote wawili mlikuwa werevu. Ndiyo maana naandika 06:00, nachora kijua kinachomoza, kisha namuuliza kama atakuwa ameshakunywa chai. Akisema ndiyo, tunaanza upya. Wanaojitolea hunicheka kwa kijua changu. Wacheke.

Mengine yanafundishika upesi. Ngorongoro si hifadhi ya TANAPA, lile shirika la hifadhi za taifa; ina mamlaka yake. Kilimanjaro hupandi bila mwongozaji mwenye leseni. Na usiseme "hapo tu" kwa mahali ambapo wewe mwenyewe hupanda bodaboda. "Sijui, ngoja niulize" nalo ni jibu.

Swali ninaloliogopa ni hili: kampuni ipi ya kuaminika? Kutaja jina haturuhusiwi. Nawaambia waombe kuona leseni ya TALA, ile ya wakala wa utalii, wasimlipe mtu barabarani. Lakini leseni haipimi roho ya mtu. Mama mmoja na bintiye walifuata ushauri wangu neno kwa neno, wakarudi siku ya nne wamejaa vumbi: leseni ilikuwepo, gari ndilo halikuwa gari. Sikuwa na la kuwaambia zaidi ya pole. Na kesho yake nikampa mwingine ushauri ule ule, maana sina mwingine.

Yule kijana anaanza Jumatatu. Nimemwambia alete kalamu.