Kupikiwa bia kwa mkataba: yasemwayo Malindi na yaliyo kweli

Malindi ni mji wa misikiti mingi na baa nyingi, na watu wake wamezoea kupishana bila ugomvi. Anayekunywa ana mnazi unaoshushwa vijijini, ana bia za viwanda vikubwa, na sasa anasikia habari za viwanda vidogo vinavyopika bia kidogo kidogo kwa ladha yao wenyewe. Vikianza kupendwa, viwanda hivi hukwama mahali pamoja: matangi yamejaa, oda zinaongezeka, na kujenga kiwanda kingine kunataka mamilioni. Njia moja ya kutokea ni kumlipa mwenye kiwanda chenye nafasi akupikie kwa mapishi yako na lebo yako. Hapo ndipo maneno huanza. Asiyekunywa aisome hii kama habari ya biashara, hesabu hazileweshi.

“Bia usiyoipika kwako si yako”

Aghalabu anayesema hivi ameshika Guinness mkononi. Guinness ya Kenya hupikwa Ruaraka, Nairobi, si Dublin, na hakuna anayeiita ya bandia. Ule ni utaratibu wa kampuni kubwa na leseni zake, si huu tunaouzungumzia, lakini unaonyesha kwamba mnywaji hana shida na mahali. Ana shida na ladha.

Historia yenyewe inawapinga. Jim Koch alianzisha Boston Beer Company mwaka 1984, na Samuel Adams yake ya kwanza, mwaka 1985, ilipikwa katika matangi ya kiwanda cha zamani cha Pittsburgh kwa mkataba. Brooklyn Brewery ilipoanza kuuza mwaka 1988, bia yake ilitoka kiwanda cha F.X. Matt kule Utica, kaskazini mwa jimbo la New York. Ilipata kiwanda chake Brooklyn mwaka 1996, na hata baada ya hapo chupa nyingi ziliendelea kutoka Utica. Mikkeller wa Denmark, walioanza mwaka 2006, walijenga jina zima la dunia wakiwa hawana kiwanda. Sehemu kubwa ya bia zao ilipikwa kiwanda cha De Proef, Ubelgiji.

Na sisi tuna mfano wetu. Wagema wengi hugema minazi isiyo yao. Wanapatana na mwenye shamba, wanapanda, wanakata, wanashusha. Mnywaji akisifu, humsifu mgema, na ukichachuka vibaya hamwendei mwenye mnazi. Kwa bia pia la kuuliza ni nani aliyechagua kimea (nafaka iliyooteshwa) na hopsi (maua yanayoitia bia uchungu), nani anayeonja kabla haijafungwa, na nani mwenye mamlaka ya kusema bechi hii haiendi sokoni. Kama majibu matatu yote ni kiwanda mwenyeji, basi hapo wanaonung’unika wana haki.

“Mapishi ni yale yale, zidisha mara kumi”

Kwenye karatasi, kutoka lita 500 hadi lita 5,000 ni kuongeza sifuri moja. Kwenye sufuria mambo ni mengine, na kwa mtu wa Malindi yanaanza na mwinuko. Sisi tuko usawa wa bahari na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 au karibu yake. Uchungu wa bia hutoka kwenye hopsi, yale maua yanayotiwa katika maji ya kimea yakichemka. Asidi zilizomo lazima zibadilishwe na joto kwanza ndipo ziyeyuke na kukaa ndani ya bia. Nyuzi sita zikipungua, kazi hiyo inazorota, na saa moja ya kuchemsha kule haileti uchungu wa saa moja ya huku.

Halafu ukubwa wa sufuria unavuta upande wa pili. Lita 5,000 hazipoi upesi kama lita 500. Hopsi za mwisho, zile zinazotiwa kwa ajili ya harufu tu, hukaa kwenye joto kali muda mrefu zaidi wakati wa kutulia na kuhamishwa, kwa hiyo harufu inapotea na uchungu unapanda. Mwinuko unapunguza, ukubwa unaongeza. Jibu halipatikani kwa kalkuleta. Hupatikana kwa bechi ya majaribio, kuonja, na kupima maabara.

Maji nayo yana lake. Maji ya bomba ya Malindi hutoka visima vya Baricho, kwenye Mto Sabaki, na visima vya karibu na ufuo vina chumvi ambayo kila mwenye nyumba anaijua kwa kutazama birika lake. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, maji laini yenye madini machache. Kati ya madini hayo, kloridi huifanya bia ijae mdomoni. Salfeti huunoa uchungu wa hopsi. Bia iliyobuniwa kwa maji ya huku ikipikwa kwa maji ya kule bila kurekebishwa hutoka nyembamba, na mwenye lebo humlaumu mpikaji bure. Dawa yake si ghali: pima maji ya pande zote mbili, ongeza gramu za chumvi zinazohitajika, na pale ambapo chumvi ya kisima imezidi, chuja kwanza.

Hamira ndiyo ngumu kuliko yote. Katika tangi refu, uzito wa bia yenyewe na gesi iliyoyeyuka ndani yake huibana hamira, nayo hutoa harufu kidogo za matunda. Bia ya ngano inayopendwa kwa harufu yake ya ndizi inaweza kufika kutoka kiwanda kikubwa ikiwa safi kabisa, bila kasoro, na bila ndizi. Laga ina tatizo jingine. Huchachuka taratibu kwenye baridi, nyuzi 8 hadi 13, kisha inatakiwa ipumzike wiki kadhaa kwenye baridi zaidi. Kiwanda mwenyeji huhesabu siku za tangi kama mwenye gesti anavyohesabu vyumba. Kama mkataba hausemi siku, wiki tatu zitakuwa mbili, na hakuna atakayekupigia simu kukuambia.

Ndiyo maana neno “kama ile ya kwetu” halifai katika mkataba. Yanayofaa ni tarakimu: sukari ya kuanzia na ya kumalizia, pH, kipimo cha uchungu, rangi, siku za baridi, na oksijeni iliyobaki ndani ya chupa, ambayo viwanda makini huizuia isivuke mikrogramu 50 kwa lita. Na siku ya kupika bechi ya kwanza, mwenye mapishi awepo pale pale kiwandani akiwa amevaa magamubuti.

“Ikishafungwa, imepona”

Mwenye kiwanda kidogo cha Malindi anayeuza bia hatua 20 kutoka kwenye tangi lake hajawahi kuwa na tatizo hili, kwa hiyo halioni likija. Akipikiwa Nairobi, bia yake ina safari ya karibu kilomita 600. Lori linateremka hadi Mariakani, linapanga foleni kwenye mizani, kisha ama linapitia Mombasa na msongamano wa Mtwapa au linakata kwa Kaloleni hadi Mavueni. Juu ni turubai, chini ya turubai ni mikebe, na jua ni la Pwani.

Watengenezaji bia wa Marekani wana kanuni ya kukadiria: siku 3 kwenye nyuzi 32 huizeesha bia sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Si sheria ya maabara, lakini inatosha kumtia mtu wasiwasi. Kinachotokea ni kwamba oksijeni chache zilizobaki huanza kazi: harufu ya hopsi inafifia, kisha inakuja ladha ya boksi lililoloa maji. Bia haimdhuru mtu, ila haistahili bei yake.

Kupasha moto mikebe kiwandani, kwenye nyuzi 60 kwa dakika 15 hadi 20, huua vijidudu na hamira iliyobaki. Wengi hudhani hiyo ni kinga ya safari. Hapana. Inazuia bia kuchacha upya, haizuii kuzeeka. Bia isiyopashwa ndiyo yenye hatari mbili kwa pamoja, maana sukari iliyobaki ikikutana na hamira iliyobaki kwenye joto la stoo ya Malindi, mkebe huvimba.

Kwa maoni yangu, shilingi ya kwanza ya mwenye lebo isiende kwenye matangazo wala kwenye mikebe ya rangi. Iende kwenye gari la baridi na stoo yenye jenereta, kwa sababu umeme wa huku tunaujua.

“Hakuna mtaji mkubwa, faida ni ya haraka”

Kweli hununui matangi. Lakini kiwanda mwenyeji kina kiwango cha chini cha bechi, na lita 5,000 ni chupa 10,000 za nusu lita, kabla ya kutoa zinazopotea kwenye mabomba na kwenye mashapo ya hamira. Kimea maalumu na hopsi ni vya kuagiza nje na hulipwa mapema. Mikebe iliyochapwa huuzwa kwa idadi kubwa. Bia hukaa tangini wiki mbili hadi sita. Kisha hoteli nayo hulipa kwa muda wake, si kwa muda wako.

Na Malindi ina misimu. Desemba huwezi kutosheleza. Masika yakianza Aprili, hoteli kadhaa hufunga milango, na zile chupa zinabaki kwako zikizeeka. Anayepika kwake anaweza kupunguza. Aliyefunga mkataba wa bechi moja kila mwezi, mwaka mzima, hawezi. Ukijadiliana, pigania ratiba inayofuata msimu hata kama bei kwa lita itapanda kidogo.

“Wataniibia mapishi”

Hofu kubwa, tatizo dogo. Umeshaona hapo juu kwamba hata wewe mwenyewe hutapata bia ile ile kwa kunakili karatasi. Kinachoibika kirahisi ni jina. Lisajili KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili alama za biashara, kwa jina lako kabla ya kutuma barua ya kwanza, na mkataba useme hamira yako, kama ni ya pekee, inarudishwa au inaangamizwa mkiachana.

“Ushuru ni shida ya anayepika”

Nusu yake ni kweli. Kenya, ushuru wa bidhaa hudaiwa kwa mtengenezaji mwenye leseni pale bidhaa inapotoka kiwandani, na stempu za KRA, mamlaka ya mapato, huwekwa huko huko. Lakini gharama hiyo itarudi kwenye ankara yako, tena mara nyingi kabla hujauza chupa hata moja. Tangu mwisho wa 2024 ushuru wa bia huhesabiwa kwa kileo safi kilichomo: chupa ya nusu lita yenye asilimia 5 ina sentilita 2.5. Mtengenezaji mdogo anayejitegemea amewekewa kiwango cha chini kuliko mkubwa, na hapa ndipo penye mtego. Bia yako ikitoka kwenye kiwanda cha mkubwa, inatoka kwa leseni ya nani? Umoja wa Ulaya una nafuu kama hiyo kwa wasiozidi lita milioni 20 kwa mwaka, na unataka mtengenezaji awe huru kisheria na kiuchumi, awe na majengo yake mbali na ya mwingine, na asipike kwa leseni ya mtu. Usiandike kiwango cha chini kwenye hesabu zako mpaka KRA wamekujibu kwa maandishi.

Kibali cha kaunti cha kuuza ni chako peke yako.

“Mnunuzi hana haja ya kujua”

Mwaka 1996, kampuni kubwa ya bia ya Anheuser-Busch iliishambulia Boston Beer hadharani kwamba inajionyesha kama bia ya kiwanda kidogo huku ikipikwa kwa mkataba. Mshambuliaji alikuwa jitu lenye maslahi yake, na bia yenyewe ilikuwa nzuri, lakini doa lilichukua muda kutoka. Hadi leo chama cha watengenezaji bia wa Marekani huziweka kampuni zinazopikiwa kwa mkataba katika kundi lao, mbali na viwanda vidogo vinavyojipikia.

Lebo yenye jina la Malindi na picha ya nguzo ya Vasco da Gama inaweza kukaa juu ya bia iliyopikwa Nairobi bila aibu yoyote, mradi nyuma pawe na mstari unaosema imepikwa wapi na nani, kwa ajili ya nani. Wataliano wa Malindi wamekulia kwenye chupa za mvinyo zinazomtaja aliyezijaza. Mstari huo watausoma kabla ya kuitazama nguzo.