Mwizi wa korosho si jambazi

Msimu wa korosho ukianza hapa Mtwara, Oktoba hivi, utasikia: "Yule kafungwa mara tatu, kesho ataua mtu." Hapana. Kurudia kosa dogo peke yake hakumgeuzi mtu kuwa muuaji. Anayeokota korosho kwenye shamba la mwenzake, akafungwa, akatoka, akarudia, mara nyingi anasukumwa na njaa, ulevi au kukosa kazi. Watu anawakimbia, hawavamii. Sheria yenyewe inatenganisha: unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka isiyopungua 30 jela, ilhali kifungo kisichozidi miaka 3 kinaweza kugeuzwa huduma kwa jamii, kwa sheria ya 2002. Hasara ya mkulima inauma, na alipwe. Ila anayetishia watu kwa panga, huyo karipotini polisi leo, hata kama hajawahi kufungwa.