Je, wajua? Namna vihisi viwili vinavyojua kama mkono uliopooza umerudi kazini

Mtu aliyepata kiharusi ameketi mbele ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Anaambiwa ashike kikombe, anashika. Akiinue, anakiinua. Akifika nyumbani, kikombe hicho hicho anakishika kwa mkono mzima, na ule dhaifu umelala pajani. Si uvivu. Ubongo umeshazoea kuuacha, hali ambayo mwanasaikolojia wa Marekani Edward Taub aliieleza kuwa ni kujifunza kutotumia.

Kliniki huonyesha mkono unaweza nini. Unafanya nini nyumbani ni swali jingine, na ndilo muhimu zaidi. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa huvalishwa vihisi, yaani vifaa vya kupima mwendo, vidogo mfano wa saa, kimoja kila mkono, washinde navyo kutwa.

Ndani ya kihisi mna kijiuzito cha silikoni kilichoshikiliwa na springi ndogo mno. Mkono ukisogea ghafla, kijiuzito hubaki nyuma kidogo, na kuhama huko hubadilisha umeme unaopimwa mara nyingi kila sekunde. Hata kikiwa kimetulia mezani husoma mchapuko (kiwango cha kasi kubadilika) wa takriban 9.8 m/s², kwa sababu ya mvutano wa dunia. Mvutano huo ukionekana umeelekea upande gani, kompyuta hujua mkono umeinama kiasi gani. Kando yake kuna jairoskopu, inayopima kasi ya kuzunguka. Tatizo lake ni kwamba makosa hulimbikizana: kosa la nyuzi 0.1 kwa sekunde huwa nyuzi 6 baada ya dakika moja. Hivyo hesabu zake husahihishwa kila mara kwa kuutazama mvutano.

Kisha mikono hulinganishwa. Kwa mtu mzima wa afya, muda wa kutumia mikono yote miwili kwa siku hukaribia kuwa sawa, hata kama anaandika kwa wa kulia tu. Fikiria kufua, kumenya viazi, kufunga vifungo. Pengo likiwa kubwa, mkono mmoja umeachwa. Lakini mkono unaoning'inia hupepea mtu akitembea, na kihisi kinaweza kuuhesabu kuwa umefanya kazi, kwa hiyo namba peke yake haitoshi.

Grafu ikionyesha mkono dhaifu uliamka saa tatu asubuhi kisha ukalala hadi usiku, mtaalamu huuliza: "Mama, saa tatu ulikuwa unafanya nini?" Akijibiwa ni kukunja nguo, mazoezi ya wiki inayofuata yataanzia kwenye nguo.