Kubadilishana chaneli: jinsi anga jekundu la picha ya infraredi linavyogeuka buluu

Ukifungua kwa mara ya kwanza picha uliyopiga kwa filta ya infraredi, yaani mwanga ulio ng'ambo ya mwekundu usioonekana kwa macho, utakuta wekundu mtupu. Miti myekundu, mawingu mekundu, ukuta wa nyumba nao mwekundu. Wengi huifuta hapohapo wakidhani kamera ina hitilafu. Usiifute. Majani meupe chini ya anga la buluu yamo humohumo, nawe utayatoa kwa hatua mbili: kusawazisha weupe, yaani kuionyesha programu kipi kihesabiwe cheupe, kisha kubadilishana chaneli.

Kila picha ya kidijitali ni picha tatu zilizopandana: moja imebeba kiasi cha nyekundu, nyingine kijani, nyingine buluu. Hizo ndizo chaneli. Kubadilishana chaneli ni kuchukua namba za nyekundu ukazipa buluu, na za buluu ukazipa nyekundu, kijani haiguswi. Tuseme, baada ya kusawazisha weupe, nukta moja ya anga ina nyekundu 150, kijani 110, buluu 90. Hiyo ni hudhurungi, kama chai ya maziwa iliyokolea majani. Zipe nafasi zao mpya: nyekundu 90, kijani 110, buluu 150. Anga limekuwa la buluu. Majani, ambayo namba zake tatu zinakaribiana, hayabadiliki sana, ndiyo maana hubaki meupe.

Hudhurungi hiyo ya anga inatoka wapi? Filta ya nanomita 720 (nanomita ni kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga), ambayo wengi huanza nayo, hupitisha ukingo wa mwisho wa mwanga mwekundu na infraredi inayofuata. Karibu na 720, chaneli nyekundu ya kamera ndiyo inayopokea zaidi. Ukipita 800 na kitu, zote tatu hupokea karibu sawa. Hewa hutawanya zaidi mawimbi mafupi, kwa hiyo mwanga wa anga huegemea upande wa 720. Majani hurudisha kwa wingi mwanga wa mbali zaidi. Klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, haing'ai, ingawa wengi husema inang'aa: infraredi huipita tu, na kinachoutawanya mwanga ni kuta za seli na nafasi za hewa ndani ya jani. Weupe huo unaitwa athari ya Wood, kwa jina la Mmarekani Robert W. Wood aliyechapisha picha za infraredi mwaka 1910.

Mpangilio wa hatua hizi ni muhimu kuliko programu unayotumia. Ukibadilishana chaneli kwenye picha ambayo bado ni nyekundu tupu, utapata picha ya buluu tupu, basi. Anza na weupe: chukua kidude cha kuchagua weupe, bofya kwenye nyasi au majani yaliyopigwa na jua. Piga kwa faili la RAW, lenye data ghafi ya kamera, maana JPEG haikupi nafasi ya kutosha. Programu ya kuhariri picha ya Lightroom ina kikwazo kimoja kinachowakatisha tamaa wanaoanza: kipimo chake cha joto la rangi hugota kwenye 2000, na picha hubaki nyekundu. Dawa yake ni kuunda profaili maalumu ya kamera yako (faili linaloielekeza programu jinsi ya kusoma rangi zake), au kusawazisha weupe kwenye kamera yenyewe, ukiielekeza kwenye nyasi kabla ya kupiga.

Kisha fungua Channel Mixer, kidude cha kuchanganya chaneli, iliyomo Photoshop na hata GIMP ya bure. Kwenye nyekundu, weka nyekundu 0 na buluu 100. Kwenye buluu, weka nyekundu 100 na buluu 0. (GIMP huandika 1 badala ya 100.) Majani yakibaki na umanjano, punguza ukolezi wa manjano peke yake.

Usitarajie njia hii ikupe vilima vya waridi kama vya picha ambazo Richard Mosse wa Ireland alizipiga mashariki mwa Kongo. Waridi ile ilitoka kwenye filamu ya kamera yenyewe, Kodak Aerochrome, ambayo jeshi liliitumia kufichua waliojificha kwenye majani.

Na kama siku ile anga lilifunikwa na wingu zito, hakuna buluu ya kutafuta. Igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe, ongeza utofauti wa giza na mwanga, na miti itasimama yenyewe.